Lango la Jumba la Wyncott

Kijitabu cha mauzo kilipofika, Ivor Probert alikisoma mara mbili akiwa amesimama jikoni kwake, amevaa miwani ya marehemu mkewe, kwa sababu yake mwenyewe ilikuwa imepotea tangu Jumanne ndani ya banda la miche. Kilikuwa kijitabu cha kujivunia, karatasi nzito inayong'aa, na Jumba la Wyncott limejaa jalada zima: mbao nyeusi na chokaa nyeupe, dohani sita za matofali, na mbele yake bustani ya waridi ambayo Ivor ndiye aliyeipogoa kila majira ya baridi kwa miaka ishirini na minane. Kijitabu kilisema bustani hiyo "imekomaa." Ungedhani ilikomaa yenyewe, kama jipu.

Ukurasa wa tano ndio uliomkaba. Ulieleza vijumba vya wageni, vinne. Cha kwanza kilikuwa zizi la farasi, cha pili ghala la matofaa, cha tatu nyumba ya njiwa, na vyote vilisifiwa kwa maneno matamu. Kisha cha nne, chumba cha maziwa cha zamani: "Kwa sasa kinakaliwa na mfanyakazi. Kinafaa sana kugeuzwa mahali pa kuogelea na kukandwa mwili."

"Kukandwa mwili," Ivor alimwambia mbwa. "Unasikia, Moss? Hapa unapojikuna watakuja watu kukandwa."

Moss alikuwa mbwa wa jumba, si wake, lakini alishahamia kwake zamani kwa kuwa kwake ndiko kulikokuwa na moto. Hakuonyesha kujali.

Katika chumba hicho cha maziwa Ivor aliingia na mkewe, Dilys, wakiwa na masanduku mawili na mashine ya kushonea. Dilys aliziba nyufa za dirisha kwa magazeti, akapaka kuta rangi ya siagi, akafa humo humo miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi ya Jumapili, chai yake ikiwa bado ina moto. Akazikwa kwenye kanisa dogo lililo nyuma ya jumba. Kila jioni Ivor akimaliza kazi alitoka mlango wa nyuma, akakatiza bustani ya mboga, akamsalimia. Zilikuwa hatua mia mbili. Alikuwa amezihesabu, ingawa hakumwambia mtu.

Kwa hiyo, kijitabu kikiwa mkononi, alikwenda moja kwa moja kwa bibi mkubwa.

Bi Rosalind Croft, mwenye jumba, alikuwa na miaka themanini na minne na magoti yaliyogoma. Alikuwa anauza kwa sababu binti yake, anayekaa kusini, alikuwa amempatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa sababu paa la Wyncott lilikuwa linakula fedha kuliko farasi wote wa ukoo wake waliopata kuwapo. Ivor alimkuta sebuleni amejifunika blanketi, anakula mkate uliopakwa marmaladi.

"Usianze, Ivor. Najua. Ukurasa wa tano."

"Wameandika kukandwa, bibi."

"Yule kijana dalali, Crispin, aliandika kabla sijazungumza na wakili. Nimeshasema na nasema tena: chumba cha maziwa nitakikata kwenye hati, kiwe chako, na kipande cha bustani juu yake. Akinunua huyu wa London kwa bei aliyotaja, benki italipwa, mimi nitapata pa kufia, na wewe utabaki kwako. Akishusha bei, basi kila kitu kitakwenda pamoja, na hapo sitakuwa na la kufanya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Basi omba asishushe. Na umpeleke huyo mbwa akaoge, ananuka kama dimbwi."

Mnunuzi wa London alikuwa amekuja mara mbili. Alipenda dohani, alipenda ngazi ya mwaloni, alipenda hata popo wa darini. Jambo moja tu ndilo alilouliza kila alipokuja: ile njia ya miguu. Maana kutoka kijijini ilitoka njia nyembamba, ikapita lango la mbao upande wa mashariki, ikaambaa na ua wa miti chini ya madirisha ya jumba mpaka kanisani. Watu waliipita. Aliwaona kwa macho yake, bibi mmoja na kikapu, akamuuliza dalali, "Hawa ni kina nani?"

Sasa huku kwetu njia ina tabia yake. Watu wakiipita miaka ishirini mfululizo bila ya mwenye ardhi kuwazuia hata siku moja, njia hiyo inakuwa yao, na ya watoto wao, na ya wajukuu, na halmashauri inaichora kwenye ramani. Ndiyo maana wenye majumba wana desturi yao: siku moja tu katika mwaka wanafunga lango kwa kufuli. Siku moja inatosha. Inasema, mnapita kwa hisani yetu. Kesho yake wanafungua na kila mtu anaendelea na maisha. Ni ukatili mdogo sana, wa kiungwana, na umeokoa bustani nyingi.

Pale Wyncott siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Februari. Marehemu Meja Croft ndiye aliyeichagua, na alipomwajiri Ivor alimpa ufunguo wa kufuli kabla hata hajampa ufunguo wa nyumba. "Mambo mengine utajifunza," alisema. "Hili usilisahau."

Mwaka wa kwanza hakulisahau. Alizungusha mnyororo, akabana kufuli, akasimama kando na reki yake akijifanya anakusanya majani ambayo hayakuwepo. Saa nne hivi akaja mzee Emrys Meredith, aliyekuwa mchunga kondoo, ana ndoo ndogo ya yale maua meupe yanayotangulia majira ya kuchipua. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyezikwa kanisani akiwa na miaka sita, na kila mwisho wa Februari alimpelekea maua. Mzee akafika langoni. Akaugusa mnyororo. Hakuuliza, hakulalamika, hakumtupia Ivor hata jicho la lawama. Alivua kofia. Akasimama mbele ya lile kufuli kichwa wazi, kama mtu aliyeitwa ofisini, kisha akageuka, akazunguka kwa barabara kuu, maili mbili, na theluji nyepesi inamwangukia kwenye upara.

Laiti angetukana! Ivor angemjibu, wangerushiana maneno, wangemalizana kilabuni kwa bia. Lakini ile kofia ilimvunja. Usiku alimwambia Dilys, na Dilys akamsogezea supu. Ivor aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Mwaka uliofuata alikwenda na kufuli mfukoni, akafika langoni, akaliacha mfukoni humo humo. Jioni, Bi Croft, ambaye Meja alikuwa amemwachia ujane na desturi zake zote, alimuuliza akiwa anamimina chai, "Ivor, lango umelifunga leo?"

"Nimelifunga, bibi. Kwa kufuli."

"Vizuri. Chukua keki."

Na ikawa hivyo. Kila mwisho wa Februari swali lile lile, jibu lile lile, kipande cha keki ya matunda. Mara ishirini na saba. Ivor Probert hakuwahi kuiba hata tofaa lililoanguka, wala hakumdanganya mkewe hata kuhusu bei ya viatu. Lakini uongo huo mmoja aliulisha na kuutunza kama mtu mwingine anavyofuga kuku. Keki yenyewe hakuwahi kuimaliza. Moss na mbwa waliomtangulia Moss ndio walioifaidi.

Wiki mbili baada ya kijitabu kutoka, dalali Crispin Vane alikuja na gari lake la umeme lisilo na sauti, lililowahi kumshtua Ivor mara tatu. Crispin alikuwa kijana mwema, mwenye viatu visivyojua tope.

"Mzee Probert! Wewe ndiye mtu niliyekuwa namtafuta. Una habari njema."

"Nina habari au unayo wewe?"

"Sote tunayo. Mnunuzi amekubali bei, yote, bila kupunguza. Anataka karatasi moja tu." Akaitoa. "Tamko la kiapo. Kwamba wewe, mtunza bustani, umelifunga lango la mashariki kwa kufuli kila mwaka, siku ya mwisho ya Februari, bila kukosa. Bi Croft kasema ni kazi yako. Alhamisi tunakutana kwa wakili, unasoma, unatia saini, unakula kiapo, dakika tano. Halafu njia inafungwa moja kwa moja, na wewe unapata nyumba yako. Mimi ningeruka kwa furaha."

"Na watu wa kanisani?"

"Si kuna barabara?"

"Iko. Maili mbili."

"Mazoezi," alisema Crispin, akacheka kwa moyo safi kabisa, akaondoka na gari lake lisilo na sauti.

Ivor aliitia karatasi chini ya birika. Siku mbili hakuigusa. Alipogoa mahali palipokwisha pogolewa. Alimwagilia miche mpaka ikaanza kuzama. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na hakuona haya kukiri hivyo. Umri wake miaka sitini na tisa. Hakuwa na mtoto. Akiondoka chumba cha maziwa angekwenda wapi? Na zile hatua mia mbili je? Saini moja tu, na uongo wenyewe si mpya. Ameusema mara ishirini na saba kwa mdomo. Mara hii ungekaa kwenye karatasi, basi.

Jumatano asubuhi alikuwa karibu na ua alipomsikia Gwenda Meredith, binti wa mzee Emrys, anakuja na kikapu chake na mdomo wake. Gwenda alikuwa amestaafu ualimu lakini hakuwa amestaafu kusahihisha watu.

"Ivor Probert! Umesimama kama kisiki. Huo ua unakata au unauombea?"

"Nauombea. Ukikusikia unapita hukauka."

"Mshenzi mkubwa. Eti ni kweli jumba limepata mtu?"

"Linaelekea kupata."

"Maskini bibi. Mradi tu asije mtu wa kutufungia njia." Akakiweka kikapu chini, akajishika kiuno. "Unajua marehemu baba mwaka mmoja alizunguka na barabara? Sijui alipatwa na nini. Akarudi amelowa chapachapa, miguu imemvimba, akalala siku nne. Namuuliza, baba, kwa nini usipite kwa Croft kama siku zote? Ananiambia, nilitaka kunyoosha miguu. Na theluji ile! Tulimcheka mpaka anakufa. Mzee wa kunyoosha miguu."

Ivor hakuweza kumtazama. Mzee alikuwa amekwenda zake kaburini bila ya kumtaja, hata kwa bintiye.

"Umekuwaje wewe? Umebadilika rangi."

"Ni chavua," alisema Ivor. "Inaniingia machoni."

"Mwezi huu hakuna chavua," alisema Gwenda, akaokota kikapu, akaenda zake kanisani.

Jioni ile Ivor hakungoja kuitwa. Aliingia sebuleni na viatu vyake vya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama katikati ya zulia.

"Bibi, nina jambo. Lile lango sikulifunga. Nililifunga mwaka wa kwanza tu. Miaka yote mingine ulipokuwa unaniuliza, nilikuwa nakudanganya."

Bi Croft aliweka kikombe chini. "Kaa, Ivor."

"Nitasimama."

"Haya, simama. Lile dirisha la ngazini, kubwa lile, unajua linatazama wapi?"

Ivor alilijua. Alikuwa amelisafisha vioo kwa miaka ishirini na minane.

"Kila mwaka siku ile nilikuwa nasimama pale," alisema bibi. "Nikawaona wote wanapita. Emrys na ndoo yake, kisha binti yake. Nikakuona na wewe, umetia mkono mfukoni, unazunguka-zunguka kama mwizi."

"Ulijua?"

"Tangu mwaka wa pili."

"Na bado ulikuwa unaniuliza!"

"Nilimwahidi Meja akiwa mahututi kwamba kila mwaka nitauliza. Sikumwahidi kwamba nitakwenda kutazama kufuli." Hakutabasamu aliposema hivyo. "Nilikuwa na mume mgumu, Ivor, nikampata mtunza bustani laini. Nikaona yafaa nikae katikati, ninyamaze."

Hasira ikampanda Ivor, hasira ambayo hakujua kama anayo. "Miaka ishirini na saba, bibi. Kila Februari ikikaribia mimi silali. Nasema, leo atanigundua, leo tutafukuzwa, mimi na mke wangu. Dilys alikufa anajua mumewe ni mwongo. Na wewe ulikuwa dirishani!"

"Nilikuwa dirishani. Nililala vizuri sana, kwa kuwa wewe ulikuwa unakosa usingizi kwa niaba yangu. Sikupata kuliwaza hivyo mpaka sasa. Naomba radhi."

Hapana mtu wa jumba lile aliyewahi kumwomba radhi mtu kama Ivor. Alikaa bila kutaka, kwenye kiti cha Meja, na viatu vyake vya tope. Moss akaja akalalia miguu ya wote wawili.

Bibi alisema, "Kesho ukitia saini, mimi sitasema neno. Nimezoea kunyamaza. Nyumba utaipata, na unastahili. Usipotia saini, sitakulaumu, lakini sitaweza kukusaidia. Bei itashuka, unajua itakavyokuwa."

"Najua."

"Basi nimekuacha peke yako tena," alisema Bi Croft. "Hodari wa hilo kweli mimi."

Kwa wakili, Alhamisi, palikuwa na meza ndefu, maji ya chupa na kalamu tatu zilizopangwa. Crispin alikuwepo, na wakili mwenyewe, mwanamke mpole mwenye mafua. Akamwomba Ivor aisome karatasi kwa sauti kabla ya kuapa. Ivor akavaa miwani ya Dilys. Akasoma jina lake, anwani yake, chumba cha maziwa, Wyncott. Akasoma mpaka pale pa "kila mwaka bila kukosa," akaacha.

"Hapa pana kosa," alisema.

"Tarehe?" aliuliza wakili.

"Siyo tarehe. Nililifunga mara moja. Akaja mzee mmoja na maua, nikamzungusha barabarani kwenye theluji. Sikulifunga tena."

Crispin alimtazama kama mtu aliyeona ng'ombe anaingia sebuleni. "Mzee Probert, unaelewa unachokifanya? Ni nyumba yako hiyo."

"Naielewa kuliko wewe," alisema Ivor. "Wewe ndiye uliyeiandika mahali pa kukandwa."

Wakili akapenga kamasi, akaichukua karatasi polepole, akaikunja.

Yule wa London akajitoa wiki ile ile. Mwezi wa Oktoba lilinunuliwa na mtu na mkewe kutoka Birmingham, kwa bei ya chini sana, jumba na vijumba vyote vinne, na kwa hati iliyosema wazi kwamba njia ya mashariki ni ya umma. Bi Croft alipelekwa kusini kwa gari la binti yake. Kabla ya kupanda alimshika Ivor mkono kwa mikono yake yote miwili, akaketi nyuma akitazama mbele. Moss alikwenda naye, na hilo ndilo lililomtoa Ivor machozi, mbele ya watu, bila kujificha.

Yeye alipewa na halmashauri chumba kimoja na jiko nyuma ya ukumbi wa kijiji. Dirisha halina nyufa za kuziba. Mpaka kwa Dilys sasa ni mwendo wa nusu saa, na goti lake la kushoto linazihesabu hatua zote.

Siku ya mwisho ya Februari alikata maua meupe kwenye kingo za barabara, akayatia kwenye mtungi wa jemu, akashika njia. Upepo ulikuwa wa kuchuna ngozi. Karibu na lango la mashariki akamkuta Gwenda anafunga kamba ya kiatu, mguu juu ya ubao wa lango.

"Na wewe leo unapita kwa miguu kama sisi walala hoi?" alisema Gwenda. "Nasikia kulikuwa na mabishano ya kisheria juu ya hii njia. Upuuzi mtupu. Njia imekuwepo tangu enzi, nani angeifunga?"

"Lango lilikuwa na kufuli," alisema Ivor.

"Lango gani? Hili?" Gwenda alilitazama kana kwamba limeota usiku. "Miaka yote napita hapa na sijaliona kufuli hata siku moja."

"Lilikuwa dogo."

"Haya, twende, tutaganda."

Akatangulia. Ivor alibaki nyuma kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda mfukoni wenyewe, kutafuta ufunguo, na ndani hamkuwa na kitu ila pipi moja ya mnanaa. Maisha yake yote alikuwa amelijua lango hili kwa upande wa ndani. Pale aliposimama sasa ndipo alipokuwa amesimama mzee Emrys na ndoo yake, kichwa wazi.

Akaivuta kofia yake ikamkaa barabara kichwani, akalisukuma lango, akapita.